Gamba Laini na Macho Yaliyovimba: Namna Kobe wa Nyumbani Anavyougua

Kobe anayefugwa uani mjini Tabora ni nadra kufa ghafla. Mwenye nyumba husema amekufa ghafla kwa sababu jana yake alimwona akijikokota kando ya ukuta, lakini mwili wa mnyama huyu hufanya kazi zake polepole kiasi kwamba ugonjwa uliomwua aghalabu ulianza miezi mingi nyuma, na dalili zake za mwanzo zilikuwa ndogo mno kuonwa na mtu ambaye hajui cha kutazama. Ndiyo maana magonjwa ya kobe huwababaisha hata wafugaji wazoefu wa kuku na mbuzi. Kuku mwenye mdondo hukupa jibu ndani ya siku chache, ama apone ama afe. Kobe anaweza kupungukiwa na kalsiamu mwaka mzima huku akila kila siku na kuonekana hana neno.

Linaloongeza mkanganyiko ni maelezo yanayopatikana mtandaoni. Sehemu kubwa yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani ambao hufuga kobe, iguana na mijusi wengine wa nchi za joto ndani ya vyumba, kwenye masanduku ya kioo, chini ya taa maalumu zinazoshika nafasi ya jua. Huko ugonjwa mkuu wa iguana na ugonjwa mkuu wa kobe ni ule ule: mifupa hulainika kwa kukosa mionzi ya jua na kalsiamu. Msomaji wa Tabora, ambaye jua analipata bure tangu asubuhi, huona habari hizo hazimhusu, akafunga simu. Zinamhusu, ila huku kwetu sababu zake ni nyingine, na nyingi ya sababu hizo zimo jikoni.

Kabla ya kuzungumzia ugonjwa wowote ni lazima ijulikane ni kobe wa aina gani, kwa kuwa katika misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania wapo zaidi ya mmoja na maisha yao hayafanani. Anayejulikana zaidi ni yule mkubwa mwenye gamba lililoinuka, la rangi ya manjano iliyofifia na madoa meusi kama ya chui, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Huyu ni mla nyasi na majani. Mwingine ni mdogo, gamba lake ni bapa na refu kidogo, na akishakomaa sehemu ya nyuma ya gamba la juu huwa na kiungo kama bawaba kinachomwezesha kuishusha na kujifungia. Jina lake la kitaalamu ni Kinixys spekii, alilopewa mwaka 1863 kwa heshima ya John Hanning Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyefika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857. Kobe huyu wa bawaba hali majani tu; hula pia uyoga, konokono, majongoo na matunda yaliyodondoka.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika tiba. Kiangazi kinapokolea, kobe wa bawaba hujichimbia chini ya majani makavu au huingia shimoni na kuacha kula kwa wiki nyingi, na hilo kwake ni jambo la kawaida kabisa. Kobe mwenye madoa hupunguza mwendo na kula kidogo, lakini hana desturi ya kulala msimu mzima. Kwa hiyo dalili moja, yaani kugoma kula mwezi wa Agosti, kwa mmoja ni maumbile na kwa mwingine ni ugonjwa. Mtu asiyejua anachokifuga anaweza kumsumbua mzima kwa dawa na kumwacha mgonjwa kwa kudhani amelala.

Sasa tuingie kwenye kalsiamu, ambayo ndiyo mzizi wa matatizo mengi kuliko vimelea na vijidudu vyote. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, damu hupita ndani yake, na neva zimo. Kinachoonekana kwa nje, yale mabamba yenye madoa, ni tabaka jembamba la kitu kile kile kinachotengeneza kucha za binadamu. Mnyama mwenye mfupa mwingi kiasi hicho anahitaji kalsiamu nyingi, hasa anapokua na anapotunga mayai. Lakini kuila kalsiamu hakutoshi. Ili utumbo uinyonye, mwili unahitaji vitamini D, na kobe huitengeneza mwenyewe pale mionzi ya urujuanimno ya jua inapoigusa ngozi yake. Baadaye vitamini hiyo hubadilishwa kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo ianze kazi. Jua likikosekana, kalsiamu hupita tumboni na kutoka na kinyesi.

Damu nayo haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa kuwa misuli yote, pamoja na moyo, huitegemea. Kiwango kinaposhuka, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie akiba yake. Kwa njia hiyo kobe huendelea kuishi kwa kula mifupa yake mwenyewe, na ndiyo sababu kwa miezi mingi huonekana mzima: damu yake iko sawa, gamba lake ndilo linaloliwa. Siku dalili zinapojitokeza, akiba imekwisha kwa kiasi kikubwa.

Inakuwaje basi hali hiyo imkute kobe wa Tabora, mahali ambapo jua halikosekani? Njia ya kwanza ni chakula. Kobe wa uani hulishwa mabaki ya mezani: ugali, wali, mkate, ganda la ndizi, na penye kuku hula pumba pamoja nao. Kinachotakiwa ni chakula chenye kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi, kwa kuwa fosforasi inapozidi huizuia kalsiamu isifanye kazi. Katika mahindi hesabu hiyo imepinduka, fosforasi ikiizidi kalsiamu kwa mara kumi au zaidi, na pumba hazina nafuu. Kobe anayeshiba ugali kila siku anaweza kuota jua kutwa nzima na bado akawa na mifupa ya kubonyea, kwa sababu jua halina kalsiamu ya kuifanyia kazi. Tena chakula laini huiacha midomo yake bila kazi ya kukata na kusaga. Midomo hiyo, ambayo ni migumu kama ya ndege, hurefuka hadi ya juu ikaifunika ya chini, na hapo hata akiwekewa majani hawezi kuyakata.

Njia ya pili ni boksi. Watoto wa kobe huokotwa zaidi mvua zinapoanza, nao huwa wadogo wa kutosha kukaa kwenye kiganja. Kwa kuwahofia kunguru, paka na mbwa, mwenyewe huwaweka kwenye boksi au beseni ndani ya nyumba, na akiwa mwangalifu zaidi huliweka karibu na dirisha ili wapate jua. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu mionzi yote inayotengeneza vitamini D. Kobe huyo anaona jua na halipati. Ni katika umri huu, wa kukua haraka, ambapo madhara huwa makubwa na ya kudumu.

Nje ya kalsiamu, lipo na kosa jingine ambalo binafsi huniudhi: kupaka gamba rangi. Kobe hupakwa jina la mtoto wa nyumbani au rangi za timu, kwa rangi ya mafuta ile ile ya kupakia mageti. Rangi hiyo huziba uso wa gamba, huficha nyufa na uozo unaoanza chini yake, na kemikali zake si salama kwa mnyama anayejikwangua ukutani na kula kwenye vumbi lake mwenyewe.

Dalili za kupungukiwa na kalsiamu ni hizi. Kobe mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja ambaye gamba lake hubonyea kwa kidole, hasa upande wa chini, ana tatizo. Mtoto wa miezi michache gamba lake huwa na ulegevu kidogo wa asili, kwa hiyo asihukumiwe haraka. Kobe mzima hutembea akiwa ameinua tumbo kutoka ardhini; mgonjwa hulikokota, na alama yake vumbini huonekana kama ya gunia lililovutwa. Pembe za gamba hujikunja kwenda juu, gamba la mgongoni hulala kuelekea nyuma, miguu ya nyuma hulegea. Hali ikizidi, misuli hutetemeka.

Kurekebisha kunaanza na majani. Nyasi za kawaida ndizo ziwe msingi kwa kobe mwenye madoa, zikiongezewa mashona nguo, mchunga, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate uliokwanguliwa miiba. Majani ya mlonge ni mazuri mno kwa kazi hii kwa sababu yana kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, na mlonge hauna msimu wa kugoma. Mchicha na spinachi si sumu, lakini vina chumvi za asidi ya oksaliki zinazoifunga kalsiamu isinyonywe, hivyo visiwe chakula cha kila siku. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi na hakifai kabisa. Anayechuma magugu mashambani awe mwangalifu kwenye maeneo ya tumbaku, Urambo na Sikonge kwa mfano, maana magugu ya pembezoni mwa shamba lililopuliziwa dawa hubeba dawa hiyo hiyo. Na msimu wa maembe ukifika, kobe asigeuzwe mtambo wa kumalizia maembe yaliyooza chini ya mti: sukari ile huchacha tumboni, huvuruga bakteria wanaomsaidia kusaga nyasi, na matokeo yake ni kuharisha ambako watu wengi hukimbilia kukutibu kama minyoo. Kobe wa bawaba huvumilia matunda zaidi, na yeye huhitaji pia konokono au minyoo ya ardhini mara moja moja.

Kalsiamu ya ziada haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa hadi yawe unga, yanafaa. Chokaa ya mifugo inayochanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai nayo inafaa, ikinyunyizwa kidogo juu ya majani. Isidhaniwe kuwa ni sawa na chokaa ya kupakia kuta, ambayo huunguza mdomo na tumbo. Unga wa mifupa, ambao wengi huuona kuwa ndiyo dawa yenyewe, una fosforasi nyingi pia, kwa hiyo haurekebishi uwiano kama inavyodhaniwa, na mawe ya chumvi ya ng'ombe si ya kobe. Yule ambaye misuli yake imeanza kutetemeka au amevunjika mguu hahitaji maganda ya mayai bali daktari, tena haraka. Gamba lililokwisha kupinda halirudi lilivyokuwa. Kinachowezekana ni kulifanya liwe gumu katika umbo hilo hilo.

Kuhusu jua lenyewe, kosa la upande wa pili huua upesi zaidi. Kobe aliyewekwa kwenye beseni juani saa saba mchana mwezi wa Oktoba, bila kivuli na bila pa kukimbilia, hana namna ya kujipoza. Hutoka mapovu mdomoni na anaweza kufa muda mfupi baadaye. Uwanja wake uwe na jua upande mmoja na kivuli upande wa pili, naye atachagua mwenyewe. Mnyama wa damu baridi hurekebisha joto lake kwa kuhama, na anayenyimwa nafasi ya kuhama amenyimwa kiungo cha mwili.

Yale matuta yanayoinuka kwenye kila bamba la gamba, mengine yakawa kama vichuguu vidogo, kwa muda mrefu yalilaumiwa kuwa ni matokeo ya protini nyingi. Protini haifai kwa kobe mla nyasi, hasa kwa figo zake, lakini kwa matuta sababu iliyo na uzito zaidi ni ukavu katika miaka ya mwanzo. Porini mtoto wa kobe hujificha kwenye mashina ya nyasi na majani yenye unyevunyevu. Boksini hukaa juu ya karatasi kavu. Udongo unaonyunyiziwa maji upande mmoja unatosha.

Ukavu huohuo ndio unaoleta tatizo ambalo kwa mkoa wa Tabora, wenye kiangazi kirefu kuanzia Mei hadi Oktoba, ningelipa nafasi ya pili baada ya kalsiamu. Kobe hutoa uchafu wa damu yake si kwa mkojo wa maji tu bali kwa asidi ya yuriki, ule uji mweupe unaotoka pamoja na mkojo. Ukiwa laini kama dawa ya meno, kobe ana maji ya kutosha. Ukiwa mkavu, wenye chengachenga kama mchanga, ni onyo. Maji yakiendelea kupungua, asidi hiyo huganda kibofuni na kuwa jiwe ambalo hukua taratibu hadi kumzuia kujisaidia au, kwa jike, kutaga. Pia hujikusanya kwenye figo na kwenye viungo, na huo ndio ugonjwa wa jongo, ambao kwa kobe huwa na maumivu yale yale unayoyaleta kwa binadamu. Wapo wanaosema kobe hanywi maji kwa sababu hawajawahi kumwona akinywa. Hanywi kwa sababu kopo alilowekewa lina ukingo mrefu kuliko shingo yake. Chombo kiwe bapa kama sinia, maji yasizidi kidevu, na kila wiki, kwa watoto mara nyingi zaidi, aingizwe kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Atakunywa, na aghalabu atajisaidia humo humo, jambo linalompa mfugaji nafasi ya kuutazama ule uji mweupe.

Mafua ya kobe huja zaidi wakati wa kipupwe, Juni na Julai, ambapo usiku wa Tabora hushuka hadi karibu na nyuzi joto 15. Baridi peke yake haileti ugonjwa, kwa kuwa kobe wa porini huipitia kila mwaka. Huleta ugonjwa inapomkuta kobe dhaifu, aliyelala kwenye sakafu ya saruji yenye maji, bila jua la kumpasha asubuhi. Kinga ya mwili wake hufanya kazi kadiri ya joto lake, na akipoa, bakteria wa jamii ya maikoplasma au virusi vya herpesi alivyokuwa navyo kimyakimya hupata nafasi. Pua hutoa maji, kisha kamasi, macho hunata, shingo hunyooka na mdomo hufunguka kila anapovuta pumzi. Kobe hana kiwambo cha misuli kati ya kifua na tumbo kama tulicho nacho, na mapafu yake yako juu, chini tu ya gamba la mgongo, kwa hiyo hawezi kukohoa akayasafisha. Kamasi inayoshuka huko hubaki huko. Pua inayotoa maji si jambo la kungojea lipite lenyewe, na wa kwanza kutengwa ni yeye, kwa sababu maikoplasma huambukiza kundi zima kwa kugusana pua kwa pua.

Macho yaliyovimba na kufumba hukimbiziwa sindano ya vitamini. Ni kweli kwamba upungufu wa vitamini A huvimbisha macho, ila huwapata zaidi kasa wa maji baridi wanaolishwa nyama tupu. Kobe wa nchi kavu anayekula majani mabichi huipata vitamini hiyo humo. Kwake macho yaliyovimba mara nyingi ni mafua, vumbi, au maji kupungua mwilini. Zile sindano za mchanganyiko wa vitamini A, D na E zinazouzwa kwa ajili ya ng'ombe zina nguvu kubwa mno kwa mnyama wa kilo mbili, na vitamini A ikizidi, ngozi ya kobe hubambuka na kuacha vidonda vibichi. Mtu huja kutibu jicho akaondoka na mnyama asiye na ngozi shingoni.

Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo, kama msomaji atakumbuka moja tu katika makala haya, ningependa liwe hilo. Katika maduka ya dawa za mifugo dawa maarufu ya minyoo na wadudu wa ngozi ni ivermektini. Ni dawa nzuri kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na hata binadamu huitumia kwa magonjwa fulani. Kwa kobe ni sumu. Hufika kwenye mfumo wake wa neva na kumpooza. Miguu hulegea, shingo hulala, pumzi hukoma. Wengi wanaopoteza kobe kwa njia hii hawajui, kwa kuwa mnyama alikuwa tayari ameonekana mgonjwa na kifo chake kikahesabiwa kuwa cha ugonjwa. Ikumbukwe pia kwamba minyoo michache kwenye utumbo wa kobe ni jambo la kawaida na haihitaji tiba. Inapozidi, kinyesi kibichi hupimwa kwa darubini, kazi ambayo maabara yoyote ya mifugo inaiweza, ndipo daktari achague dawa inayomfaa, ambayo mara nyingi huwa fenbendazo kwa kipimo kinachofuata uzito.

Kupe nao wasiondolewe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kupe wa kobe, ambao ni wakubwa na hujishikiza kwenye mikunjo ya shingo, kwapani na kwenye maungio ya mabamba ya gamba, huondolewa mmoja mmoja kwa kibano, kwa kushikwa karibu na ngozi na kuvutwa bila kusokota. Si suala la kobe peke yake. Baadhi ya kupe hao hubeba vimelea vya maji moyo, ugonjwa unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ni kwa sababu hiyo Marekani ilizuia mwaka 2000 kuingizwa kwa kobe mwenye madoa na jamaa zake kutoka Afrika. Mfugaji wa Igunga au Nzega anayemwokota kobe malishoni na kumleta kwenye zizi la mbuzi analeta na hao.

Majeraha ya gamba yana sababu chache zinazojirudia: mbwa, magurudumu, na mioto ya kiangazi inayopita porini. Ipo na moja inayofanywa kwa makusudi, nayo ni kutoboa gamba kwa nyuma ili kupitisha waya au kamba asipotee. Anayetoboa huamini anatoboa kitu kisicho na hisia. Anatoboa mfupa wenye damu na neva, bila ganzi, na tundu hilo hubaki mlango wa bakteria na funza wa nzi mradi waya ungalipo. Uozo wa gamba huanzia hapo: doa laini, lenye harufu, ambalo likibonyezwa hutoa majimaji. Uzio wa matofali wenye kimo cha magoti ungefanya kazi ile ile. Jeraha jipya lioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, lifunikwe kwa chachi ili nzi wasitage, na kobe awekwe mahali pasafi penye joto hadi atakapoonwa. Ufa usizibwe kwa gundi, kwani gundi huufungia uchafu ndani.

Jike aliyekomaa anaweza kutunga mayai hata akiwa peke yake bila dume, na uani palipomiminwa saruji yote hapati pa kuchimba. Huzungukazunguka, hukwangua kona kwa miguu ya nyuma, huacha kula, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kubaya. Picha ya eksirei huonyesha mayai kwa urahisi kwa sababu maganda yake ni magumu. Mara nyingi kinga yake ni kona moja ya udongo tifutifu wenye kina cha kutosha, unaopata jua.

Daktari wa mifugo wa wilaya amezoea ng'ombe na kuku, na hilo si kosa lake, lakini mwenye kobe anaweza kumrahisishia kazi. Ampime kobe kwa mizani ya dukani kila mwezi na kuandika uzito, maana kwa mnyama aliyejificha ndani ya gamba kukonda hakuonekani kwa macho. Amweleze anakula nini hasa, si anachopaswa kula. Daktari naye atazingatia mambo mawili yanayomtofautisha kobe na mbuzi: sindano nyingi huchomwa miguu ya mbele, kwa sababu damu ya sehemu za nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka mwilini na hivyo dawa ikaziumiza au ikatolewa mapema, na dozi hazifuatani kwa saa kama za wanyama wa damu moto, baadhi ya antibiotiki zikitolewa mara moja kila baada ya siku mbili au tatu. Na dawa yoyote aliyopewa kobe aliyepoa itafanya kazi nusunusu, kwa hiyo joto ni sehemu ya tiba.

Kwa upande wa watu wa nyumbani, kobe mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela kwenye utumbo wake. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika, na beseni lake lisirudi jikoni.

Mwisho ni suala la sheria, ambalo kiutaratibu lilipaswa kuwa la kwanza. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga bila kibali. Aliye naye bila kibali, akishasoma haya na kuona mzigo wake ulivyo, huenda akaona njia rahisi ni kumpeleka porini usiku na kumwacha. Asifanye hivyo. Kobe aliyechanganyika na wengine uani anaweza kuwa amebeba maikoplasma bila dalili, na huko Marekani, katika jangwa la Mojave, kobe wa kufugwa walioachiwa ni miongoni mwa wanaoshukiwa kuueneza ugonjwa wa njia ya hewa kwa kobe wa porini. Ofisi ya maliasili ya wilaya ndiyo ya kupewa taarifa, ikielezwa alikookotwa, amekaa muda gani, amekula nini na amewahi kuugua nini, ili wanaohusika waamue kama anafaa kurudi na arudi wapi.